Jibu Lisilo na Kisanduku

Rehma Sabir alikuwa na dharau za namna nyingi, na kila moja alikuwa ameipangia mahali pake. Wanaume wanaovaa miwani ya jua ndani ya nyumba aliwadharau kwa namna moja. Wanawake wanaoanza mazungumzo kwa kusema "mimi huwa sifichi kitu" aliwadharau kwa namna nyingine. Watu wa Kisumu wanaovuruga ngeli za Kiswahili, ambao ni karibu mji mzima, aliwadharau kwa upole, kama unavyomdharau mbuzi aliyetafuna shuka kwenye kamba: kosa ni lake, lakini utamfanyaje.

Alizaliwa Kaloleni, mtaa wa humo Kisumu, kwa baba aliyeletwa mjini na kazi ya reli kutoka Tanga na mama Mjaluo wa Seme. Kwa baba alipata Kiswahili, kwa mama akapata Kijaluo, na kwa wote wawili, alivyopenda kusema, hakupata kitu kingine. Alifundisha Kiswahili miaka kumi na miwili katika shule ya msingi ya kibinafsi, hadi mwenye shule alipogundua kuwa wageni hulipa vizuri kuliko wazazi, akageuza madarasa kuwa vyumba vya kulala. Rehma alikwenda kuchukua vitabu vyake akakuta kitanda mahali palipokuwa na meza yake. Hakulia wala hakugombana. Alimtazama mwenye shule kuanzia viatu hadi kichwani, akatoka.

Ndipo akaingia kazi ya maswali. Kisumu haikosi mradi. Leo wanauliza habari za vyandarua, kesho vyoo, keshokutwa kina mama hunyonyesha miezi mingapi, na kila mradi unahitaji mtu wa kuzunguka na fomu, anayejua lugha za watu na asiyeogopa mbwa. Rehma hakuogopa mbwa. Watu walimwita "mwalimu" usoni na "mtu wa maswali" kisogoni, naye alijua yote mawili.

Miaka kumi na mitatu ya kuuliza ilimpa elimu moja aliyoiamini kuliko vyeti vyake: watu hawasemi wanachokitaka, bali hukionyesha. Mama akianza kwa kulalamikia paa, anataka mabati. Mzee akiuliza mradi unatoka nchi gani, ana mtoto asiye na kazi. Anayejibu haraka anadanganya, na anayejibu polepole anatunga uongo mrefu zaidi. Ilifika mahali Rehma alijaza nusu ya fomu kabla mtu hajatulia kwenye kiti, na hakuna mkubwa wa mradi aliyewahi kulalamika. Fomu zake zilikuwa safi, hazina palipofutwa, na zilirudi kwa wakati.

Mwaka jana, mwezi wa Julai, akaja Daktari Wanyonyi.

Alikuwa mtu wa Bungoma kwa kuzaliwa na wa Nairobi kwa kazi, lakini sauti yake alikuwa ameichukua ng'ambo na hakutaka kuirudisha. Viatu vyake vilikuwa vyeupe. Rehma aliviona vile viatu, akaangalia barabara ya vumbi jekundu inayoshuka kutoka kituo cha Kisian kwenda ziwani, akajisemea kuwa mtu asiyeweza kutabiri vumbi amekuja kutabiri mioyo ya watu.

Maana ndivyo Daktari alivyosema. Aliwakusanya wasaidizi wake watano katika ukumbi wa kanisa walioukodi, akawaeleza kuhusu nadharia ya michezo. "Kila mtu ana lengo lake moyoni," alisema, akitembea huku na huku. "Lengo halionekani. Tendo linaonekana. Ukilitazama tendo, unaweza kurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka ulifikie lengo. Na kumbukeni, yule unayemtazama naye anakutazama, anatafuta lengo lako. Na anajua kwamba unajua anakutazama. Sisi tutapima hiyo."

Wasaidizi wengine waliandika. Rehma hakuandika. Kila mwanamke aliyewahi kununua samaki ufuoni alijua hayo kabla meno ya utoto hayajamtoka, na huyu alikuwa ameyasomea miaka sita, tena kwa pesa za watu.

Mchezo wenyewe ulikuwa rahisi. Mtu mmoja anakaa ukumbini, mwenzake anakaa kwenye chumba cha shule ya Jumapili upande wa pili wa ua, na hawaambiwi majina. Wa kwanza anapewa vipande kumi vya sabuni ya kufulia, anaamua atabaki na vingapi na atamtumia mwenzake vingapi. Wa pili akikubali, kila mmoja anakwenda na sabuni yake. Akikataa, wote wawili wanatoka mikono mitupu. Kisha wa pili anaulizwa swali ambalo Daktari alilipenda kama mtoto wake: "Unadhani mwenzako alikuwa anataka nini?" Majibu yalikuwa ndani ya tableti, visanduku vinne: alitaka haki, aliogopa kukataliwa, alitaka kukufurahisha, alitaka kujinufaisha. Unabonyeza kimoja, ukurasa unafunguka mbele. Usipobonyeza, haufunguki.

Siku ya kwanza watu wa ufuo mdogo ulio chini ya Kisian walicheza kama watu. Mmoja alituma vitatu. Mwingine alituma kimoja, mwenzake akakataa, na yule aliyetuma akakasirika mpaka akataka kuvuka ua aende kumwona aliyekataa ni nani. Mama mmoja alituma vinne, akaomba arudishiwe afikirie tena. Daktari alitazama tarakimu zake akasema ni za kawaida, zinafanana na za duniani kote, na uso wake ulikuwa umepoa.

Siku ya pili kila mtu alituma vitano.

Siku ya tatu pia, vitano. Na walipoulizwa mwenzao alikuwa anataka nini, walijibu kwa maneno yanayofanana kama watoto walioibiana kwenye mtihani: "Alitaka tuendelee pamoja kama jamii." Hata mzee mmoja aliyekuwa kiziwi kidogo, na ambaye Rehma hakuwa amemaliza kumsomea swali, alisema alitaka tuendelee pamoja kama jamii.

Daktari Wanyonyi hakuweza kukaa kitini. "Unaona, mwalimu Rehma? Wanajifunza. Ndani ya siku moja wamejifunza haki. Sijawahi kuona kitu kama hiki mahali popote."

"Naona," alisema Rehma.

Alichokuwa anaona ni Okello, mwenyekiti wa ufuo, mwanamume mwenye kitambi na kofia ya chama, aliyekuwa amesimama getini tangu asubuhi akiwasalimia watu kwa mkono mmoja mmoja na kuwanong'oneza kitu. Rehma hakuhitaji kumsogelea. Okello alikuwa amekaa jioni ya siku ya kwanza akafanya hesabu yake: watu hawa hawawezi kutoka Nairobi kuja kugawa sabuni bure. Kwa hiyo sabuni siyo shabaha. Wanatafuta ufuo wenye watu wasio wachoyo. Na wakiupata, wataupa kitu kikubwa, na kitu kikubwa ambacho ufuo ulikosa ni mashine ya barafu. Basi kila mtu atume vitano, na wakirudi nyumbani watagawana upya wenyewe.

Kwa hiyo mchezo halisi haukuwa kati ya ukumbi na chumba cha shule ya Jumapili. Ulikuwa kati ya Okello na Daktari, na Okello alikuwa anashinda bila hata kusoma maelekezo. Rehma aliwadharau wote wawili, lakini Daktari zaidi, kwa sababu Okello angalau alikuwa amemtazama mwenzake. Hakumwambia Daktari kitu. Alijua mtu huyu anataka nini: anataka kurudi Nairobi na jambo jipya. Kumpa mtu anachokitaka, Rehma aliona, ndiyo kazi aliyoajiriwa.

Siku ya nne asubuhi akaingia Dorca.

Alikuwa mwanamke wa miaka sitini hivi, mrefu, mwenye mabega ya kubeba, na alinukia dagaa wa omena na moshi. Alikaa kwenye kile kiti kidogo cha watoto bila kulalamika. Rehma alimsomea maelekezo kwa Kijaluo, kisha vikaletwa vipande vitano kwenye sahani ya plastiki.

"Unakubali au unakataa?"

"Nakataa."

Rehma aliinua macho. "Mama, ni vitano. Nusu kwa nusu."

"Nimeona. Nakataa."

Sheria ilitaka kila mtu acheze mara tatu, kila mara na mwenzake mpya. Mara ya pili vikaja vitano, Dorca akakataa. Mara ya tatu vikaja vitano, akakataa, na kutoka upande wa pili wa ua ikasikika sauti ya mtu akitukana kwa Kijaluo kuhusu sabuni yake.

"Sasa niambie, mama," alisema Rehma. "Unadhani huyu mwenzako alikuwa anataka nini?"

"Sijui."

"Jaribu kufikiri."

"Sijui. Sikumuuliza."

Tableti haikuwa na kisanduku cha sijui. Rehma alibonyeza "alitaka kujinufaisha," kwa sababu mtu anayekataa mara tatu hawezi kuwa na mawazo mema juu ya wenzake, ukurasa ukafunguka.

Dorca alikuwa anautazama ule mkono. "Umeweka nini hapo?"

"Nimeweka jibu lako."

"Mimi nimesema sijui. Hiyo sijui iko wapi?"

"Iko ndani, mama. Asante sana kwa kushiriki."

Dorca alisimama, akakiweka kiti sawa, akatoka bila kuaga.

Jioni Daktari aliona zile safu tatu za kukataa akakunja uso kama mtu aliyekuta jiwe kwenye wali. Alimwagiza Rehma aende kwa huyo mama amhoji kwa kirefu. "Lazima kuna lengo," alisema. "Hakuna mtu anayejinyima bila lengo." Kwa mara ya kwanza Rehma alikubaliana naye. Tena alikuwa na lengo lenyewe mfukoni tayari. Mama mkubwa, mjane kwa namna alivyovaa, amesahauliwa katika mipango ya Okello, anakataa sabuni mbele ya wageni ili wageni wamfuate nyumbani. Na wageni walikuwa wanamfuata. Akifika kule, mazungumzo yataanza na paa.

Asubuhi yake alishuka ziwani. Dorca alikuwa anaanika omena kwenye nyavu kuukuu zilizotandazwa chini, akizitawanya kwa ufagio wa vijiti. Paa lake, Rehma aliliona kwanza, lilikuwa zima.

"Mama Dorca, habari ya asubuhi. Nimekuja kuhusu jana."

"Najua. Kaa hapo kwenye mtumbwi, imekauka."

Rehma aliweka akilini kosa lile, akakaa. "Daktari amependa sana ushiriki wako. Angependa kuelewa kwa nini ulikataa."

"Daktari hanijui. Wewe ndiyo unanijua."

"Mimi? Hatujawahi kukutana, mama."

Dorca aliendelea kufagia mpaka akafika mwisho wa wavu, akageuka. Hakuwa na hasira usoni. Alimtazama kwa namna ambayo Rehma aliifahamu vizuri mno, kwa kuwa ilikuwa yake: kuanzia viatu hadi kichwani.

"Umekuja hapa miaka saba imepita," alisema. "Ulikuwa na fomu ya karatasi. Mradi ya wanawake na samaki. Sisi tulikuwa tisa kwa kikundi ya kukausha. Ulituita mmoja mmoja chini ya ile nyumba ya nyavu. Mvua ilikuwa imenyesha, ukawa unaangalia matope kwa kiatu yako. Ukaniuliza kama nimewahi kulala na mvuvi ndio anipe samaki."

Rehma aliukumbuka mradi. Sura ya Dorca hakuikumbuka hata kidogo.

"Mimi nikasema hapana," alisema Dorca. "Nikakuambia nina wavu yangu, niliachiwa na mama yangu, na vijana wa kuvuta nawalipa mwenyewe. Ukasema sawa mama. Ukaandika."

"Ndiyo."

"Uliandika nini?"

Kulikuwa na jibu la haraka na jibu la polepole, na Rehma alijua thamani ya kila moja. Aliikumbuka ile siku vizuri kuliko alivyopenda. Mkubwa wa mradi alikuwa amewaambia mapema kuwa jambo lile limeenea ufuoni na kwamba wanawake wataficha. Watano kati ya tisa walisema ndiyo wenyewe. Wanne walisema hapana, na Rehma, ambaye alikwisha kujua hapana ya uongo inavyofanana, aliwawekea ndiyo wote wanne, akaokoa muda, akapanda juu kabla mvua haijarudi.

"Miezi baadaye wakaja kutusomea matokeo," alisema Dorca. "Bwana mmoja mwenye fulana ya mradi, mtu mzuri tu. Akasema majina hayako, msiogope. Akasema kwa ufuo hii, kwa kikundi ya kukausha, mia kwa mia. Watu wakahesabu. Mia kwa mia ya watu tisa ni watu wangapi, mwalimu?"

Dorca alisukuma omena kwa ufagio.

"Zadock alikuwa amekaa mbele. Bwana yangu. Alikuwa mzee wa kanisa. Hakunipiga, hakuniuliza. Alirudi nyumbani akanyamaza, na kutoka hiyo siku hakukula chakula yangu. Alienda kula kwa ndugu yake Odongo, asubuhi na jioni, miaka miwili, mpaka akakufa. Nilikuwa napika, naweka, natoa." Aliinama akaokota jani lililopeperushwa kwenye omena. "Nilimwambia mimi nilisema hapana. Akasema, kwa nini mtu ametoka mbali aandike uongo juu yako, anataka nini? Hiyo swali nilishindwa. Mpaka leo sijui ulikuwa unataka nini."

"Sikuwa nataka kitu," alisema Rehma. "Nilifikiri wote mnaficha. Wengi walikuwa wanaficha, mama Dorca."

"Labda. Mimi sikuwa naficha."

Mawimbi yalikuwa yanasukuma magugu ya majini hadi kwenye mchanga na kuyavuta tena. Rehma alijaribu kumdharau huyu mwanamke, kwa mazoea tu, akatafuta pa kushikilia. Sketi ilikuwa na kiraka. Ngeli zilikuwa ovyo. Havikutosha.

"Unataka nikufanyie nini?" aliuliza.

"Unaona? Hiyo sasa umeuliza." Dorca alishika ufagio tena. "Jumamosi kuna mkutano ya ufuo. Njoo useme mbele ya watu uliandika nini. Hutakuja, lakini nimesema."

Rehma alipanda kilima hadi Kisian akiwa amekasirika, na kwa muda mrefu alidhani amemkasirikia Dorca. Alifika ukumbini akamkuta Daktari peke yake mbele ya kompyuta, akamweleza yote aliyoyanyamazia: Okello getini, mashine ya barafu, vitano vilivyopangwa jioni na kugawanywa upya nyumbani. Alisema takwimu za siku tatu hazifai kitu. Alisema pia kuwa Dorca aliulizwa akajibu sijui, na kwamba kisanduku kilichobonyezwa si chake.

Daktari Wanyonyi alimsikiliza akitabasamu kidogo kidogo. Alipomaliza, alifunga kompyuta, akaegemea nyuma.

"Mwalimu Rehma, mimi nimekuwa nikikutazama," alisema. "Wewe ni mtu mwenye uwezo mkubwa, na umewekwa ngazi moja na watoto waliomaliza chuo juzi. Ningekuwa wewe, ningeumia pia. Ningetafuta njia ya kuonyesha kuwa bila mimi kazi haiendi. Nimekuelewa. Awamu ya pili inaanza Homa Bay mwezi wa tisa, na nitahitaji msimamizi."

Rehma aliuona ule uso uliojaa uhakika, ambao haukuwa umesikia hata neno moja. Alikuwa kama mtu aliyejiona ghafla kwenye kioo cha duka bila kujua kuwa ni yeye.

"Sikuja kwa ajili hiyo," alisema.

"Bila shaka," alisema Daktari, na kwa kuwa Rehma alikaa kimya baada ya hapo, aliongeza marupurupu ya nyumba. Rehma alizidi kukaa kimya, Daktari akaongeza ya simu. Kuhusu Dorca alisema wasijisumbue. Alikwisha kuzifuta zile safu tatu. Mama hakuelewa maelekezo.

Siku mbili zilizobaki Rehma alifanya kazi kama kawaida. Nyumbani Kaloleni alikaa na hesabu yake. Akienda Jumamosi, habari itafika kwa kila mradi mjini kwamba Rehma Sabir hughushi fomu, na mlango wa kazi utafungwa. Asipoenda, hakuna kitakachobadilika kwa mtu yeyote, maana hata Dorca hamtarajii. Kwa kila namna alivyoipiga, hesabu ilimwambia abaki nyumbani. Ni mtu mpumbavu tu ambaye angekwenda, na Rehma hakuwahi kuwavumilia wapumbavu.

Jumamosi saa nne alikuwa ufuoni.

Okello alipomwona alimkimbilia na kiti. Alimkalisha mbele, upande wa kulia, akawatangazia watu kuwa mgeni wetu wa mradi ametuletea habari njema, na kwamba kabla hatujamsikiliza ni vizuri akumbushwe kuwa ufuo huu una eneo tayari la kuweka mashine, lenye kivuli na karibu na umeme. Watu wakapiga makofi. Walikuwa kama sitini. Dorca alikuwa amesimama nyuma, mikono kifuani.

Rehma alisimama akasema kwa Kijaluo, bila utangulizi. Alisema miaka saba iliyopita aliwauliza wanawake tisa swali, wanne wakasema hapana, yeye akaandika ndiyo. Alisema hakuna aliyemtuma. Alisema Dorca alikuwa mmoja wa wale wanne, na kwamba aliyoyasema Dorca yalikuwa kweli na aliyoyaandika yeye yalikuwa uongo. Akakaa.

Hakuna aliyelia, na hakuna aliyemrukia. Kilichofuata ni kitu ambacho Rehma, kwa ujuzi wake wote, hakukitabiri: watu sitini walimkazia macho wakitafuta anataka nini.

"Huyu anatafuta kura," alisema mvuvi mmoja, bila hata kushusha sauti. "Mwaka ujao utaona picha yake."

"Kura gani, na ni mtu wa Kaloleni? Ameshtakiwa. Wakili amemwambia aje aombe msamaha kwanza."

Mama mmoja wa kile kikundi cha zamani, aliyekuwa amesema ndiyo siku ile kwa hiari yake, aliinua mkono akauliza kama kutakuwa na fidia, na kama walioandikwa ndiyo kwa haki nao watahesabiwa. Okello alisimama haraka akasema swali ni zuri. Akamgeukia Rehma akamnong'oneza kwa upole kabisa: "Mwalimu, hii ni sehemu ya mchezo, sivyo? Mnapima kama tunasamehe. Niambie tu, niwaambie wasamehe."

"Siyo mchezo," alisema Rehma.

"Sawa, sawa. Nimekuelewa." Akawageukia watu. "Tunamsamehe mgeni wetu, sote kwa pamoja kama jamii." Makofi yakapigwa tena.

Mzee mmoja mwembamba, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la mbele na fimbo kati ya magoti, hakupiga makofi. Alikuwa Odongo, ndugu wa Zadock. Alingoja kelele ziishe, akasema, "Mwalimu, aliyepaswa kusikia hayo tulimzika. Mimi ndiye niliyekuwa namlisha, na mke wangu alikuwa anamcheka huyo shemeji yake kila siku kwa ajili ya ile sahani aliyokuja kula kwetu. Leo unatuambia." Alinyanyuka kwa shida, akaondoka kwa njia ya juu ili asipite mbele ya Dorca, na mkutano ukarudi kwenye mashine ya barafu.

Rehma alimfuata Dorca hadi kwenye nyavu zake. Alitarajia kitu, ingawa hangeweza kusema ni nini. Dorca alianza kukusanya omena zilizokauka kwenye gunia.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza."

"Hawakuamini."

"Hapana."

"Mimi nimesikia," alisema Dorca. Alifunga gunia kwa kamba, akaangalia kama fundo limekaza. "Nenda sasa, jua imekuwa kali."

Mashine ya barafu haikuja. Daktari Wanyonyi alisoma matokeo yake katika mkutano wa wasomi, ambako yaliambiwa ni ya kustaajabisha, na awamu ya pili ikaanza Homa Bay bila Rehma. Daktari alimtumia ujumbe kumweleza kuwa kuna habari zimemfikia, kwamba bodi ya mradi ina msimamo mkali juu ya uadilifu, na kwamba yeye binafsi anasikitika. Miradi mingine haikutuma hata ujumbe. Simu ilikaa tu mezani.

Sasa Rehma anafundisha Kiswahili watoto wa majirani, sebuleni kwake, saa za alasiri. Bado anawadharau wazazi wao. Mmoja wao, Naeema, mke wa muuza mitumba, alimuuliza mwezi uliopita ilikuwaje akaacha kazi nzuri namna ile, akaenda kujianika mbele ya wavuvi. Rehma alimjibu kwa kifupi na kwa ukweli. Naeema aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayemhurumia mgonjwa, akachukua mtoto wake. Mlangoni Rehma alimsikia akimwambia mzazi mwenzake kuwa ni lazima kulikuwa na mwanamume.